Mada Ndogo: Kwa Nini Jiwe la Kioo Humeremeta?

Ukitaka kutengeneza hereni zako mwenyewe, ligeuze kwanza jiwe la kioo la rangi ulilonunua Kariakoo. Mara nyingi nyuma yake utakuta utando wa rangi ya fedha. Usiukwangue.

Maelezo: Mwanga ulio ndani ya jiwe huakisiwa wote pale tu unapogonga uso kwa pembe kubwa kuliko pembe kikomo (c). Pembe hupimwa kutoka mstari ulio wima kwa uso huo.

sin c = 1/n

Kioo cha kawaida: n = 1.5; c = 42°
Almasi: n = 2.42; c = 24°

Kwa hiyo almasi iliyochongwa vizuri hurudisha mwanga mwingi yenyewe. Katika kioo, mwingi hupotelea nyuma. Utando ndio unaourudisha.

Zingatia: Tumia gundi kidogo, uiache ikauke kabisa. Maji yakipenya nyuma, utando hubanduka na jiwe hufifia.

Tofautisha: Tanzanaiti ya Mirerani, ukiigeuza, huonesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kioo cha kawaida hubaki na rangi ileile. Ukiuza hereni zako pale Magogoni kwa abiria wa kivuko, sema wazi kuwa ni kioo. Kukiita tanzanaiti ni utapeli.

Jaribio: Kioo chenye madini ya risasi kina n = 1.6. Tafuta c. Je, kitameremeta zaidi ya kioo cha kawaida?

Jibu: sin c = 0.625; c = 39°. Ndiyo, kwa kuwa pembe kikomo ni ndogo zaidi.