Dawa Zikikosekana, Uliza kwa Barua
Msomaji, ukiambiwa zahanati ya serikali haina dawa ya kifafa, usirudi nyumbani kimya. Kuikatiza dawa hiyo ghafla ni hatari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia idara ya afya ya kaunti, kwa Kiswahili, bila kulipia ombi: dawa zipi zililetwa, na lini? Asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma, afisa ndiye amwandikie na kumpa nakala. Wengi hawaambiwi hili! Jibu litoke ndani ya siku 21; habari ikihusu uhai wa mtu, saa 48. Ukinyimwa, una siku 30 za kulalamika kwa Ombudsman.