Nani anawasha jeni za chura?

SWALI: Kwenye jaruba la mpunga naona mayai ya chura: juu meusi, chini meupe. Ni nini kinachoamua upande upi uwe utumbo? – Msomaji, Idodi, Iringa

JIBU: Mwanzoni ni mama. Katika Xenopus, chura aliyechunguzwa kuliko wengine, mama huweka maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo VegT upande ule mweupe, wenye kiini kingi. Jeni nyingi za kiinitete chenyewe hubaki zimezimwa hadi seli zigawanyike kama mara 12, zifike 4,000 hivi. Hapo VegT, iliyokwisha kutengenezwa, hujishika kwenye DNA na kuziwasha jeni za kujenga utumbo upande huo. Mojawapo ni Sox17, nayo huwasha nyingine. Watafiti walipoyaharibu maelekezo ya VegT ndani ya yai, utumbo haukujengeka.