Dhana ya Nafsi na Ushiriki wa Mwanachuo Katika Masomo: Maswali na Majibu

Swali la 1: Dhana ya nafsi ni nini?
Jibu: Ni namna mtu anavyojiona na kujipima. Shavelson, Hubner na Stanton (1976) walionyesha kuwa ina matawi: la kitaaluma, la kijamii, la kihisia na la kimwili. Tawi la kitaaluma nalo hugawanyika kufuata masomo. Kwa hiyo usiandike "mwanafunzi hajiamini" ukaishia hapo. Huenda anajiona hodari wa historia na mnyonge wa takwimu.

Swali la 2: Ushiriki hupimwaje?
Jibu: Fredricks, Blumenfeld na Paris (2004) walitaja sura tatu: vitendo, hisia na fikra. Kusaini karatasi ya mahudhurio hugusa ya kwanza tu.

Swali la 3: Kipi hutangulia, kujiona unaweza au kufaulu?
Jibu: Hapa wengi hupoteza alama kwa kuchagua upande mmoja. Herbert Marsh na wenzake wamedai kwamba vyote viwili hulishana. Anayejiona anaweza huuliza, husoma zaidi, hurudia swali lililomshinda. Matokeo yakiwa mazuri, imani yake hukua. Mzunguko huohuo huweza kwenda kinyume: sapu (mtihani wa marudio) moja, kisha kukwepa semina, kisha sapu nyingine.

Swali la 4: Kwa nini aliyekuwa akiongoza shule ya kata hunyamaza akifika chuo kikuu?
Jibu: Tunajipima kwa walio karibu nasi. Marsh na Parker (1984) waliliita jambo hili samaki mkubwa katika bwawa dogo: uwezo haujapungua, waliomzunguka ndio wamebadilika. Tanzania kuna mzigo wa ziada. Wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na chuoni hoja hutolewa kwa Kiingereza. Mtu anaweza kuwa na jibu sahihi kichwani akaogopa kuchekwa na wenzake. Mhadhiri anayeuita ukimya huo uvivu anamwonea, na anamsukuma nje ya somo. Ampe nafasi ya kujadili kwanza katika kundi dogo, na arudishe majaribio mapema yakiwa na maelezo ya wapi kazi imekaa vizuri na wapi irekebishwe.

Swali la 5: Tofautisha dhana ya nafsi na imani ya kumudu kazi aliyoieleza Bandura (1977).
Jibu: "Mimi ni mzuri wa hesabu" ni dhana ya nafsi. "Nitaweza kulitatua swali hili" ni imani ya kumudu.