SOMO: KUSIA MBOGA ZA KIPUPWE KATIKA KITALU NYUMBA

Wilayani Rungwe mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Baada yake hufuata kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ambapo baridi hutanda Tukuyu na katika miteremko ya Mlima Rungwe. Saladi, spinachi na chainizi huipenda hali hiyo. Lakini mbegu iliyosiwa baridi ikiwa imekwisha kuingia huchelewa kuota, na miche hudumaa. Kwa hiyo kazi ya kipupwe hutangulia kipupwe. Wakati ufaao kusia ni mwisho wa Aprili au mapema Mei.

Shida ni kwamba wakati huo mvua ingali kubwa. Tuta lililo wazi hupigwa na matone, na mbegu husombwa. Kitalu nyumba huzuia hasara hiyo, ila huweza kuleta nyingine. Kikifungwa mchana kutwa, joto na unyevu hukusanyika ndani. Ugonjwa wa kinyausi ukaangusha miche kwa siku chache tu, na mwanachama akabaki na deni la mbegu alizokopeshwa na chama. Tena mbegu ya saladi hukataa kuota udongo ukikaribia joto la nyuzi 30.

Utaratibu ufuatao uzingatiwe:

1. Tuta liinuliwe, nalo lichanganywe samadi iliyooza vizuri.
2. Mbegu zimwagwe kwa mistari, bila kusongamana, na kufunikwa kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimeta.
3. Maji yatiwe asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku.
4. Pande za kitalu zifunguliwe kunapopambazuka, zifungwe jioni.
5. Miche ihamishwe baada ya wiki tatu au nne, kwa nafasi ya sentimeta 30.

Jambo la mwisho ni la ushirika. Saladi iliyokomaa haingoji: siku chache zikipita huota shina la maua na kuwa chungu. Wanachama wote wakisia wiki moja, mavuno yote hufika sokoni pamoja na bei huanguka. Katibu na agawe zamu za kusia, wiki mbili mbili, na kuziandika katika daftari la chama.

Maswali ya majadiliano: Kitalu cha chama hufunguliwa na nani kila asubuhi? Zamu za kusia zimeandikwa wapi?