Ujira wa Mtenda Kazi: Somo kutoka Ng'ambo ya Unguja

Mwezi huu twataka kutazama jambo wanaloliuliza mara nyingi wazee wa usharika: kwa nini watu huacha kwao, wakaenda kutumikia nchi ya watu? Wengi hujibu upesi kwamba ni uvivu wa jembe na tamaa ya mjini. Jawabu hilo si la haki, nasi tutaliona hivyo tukiisoma habari ya Ng'ambo.

Ng'ambo ni upande wa pili wa mji wa Unguja. Zamani mkono wa bahari uliutenga na Mji Mkongwe, watu wakivuka kwa daraja. Maji yale yamekwisha kufukiwa, bali jina la Darajani limebaki. Upande huo ndiko walikokaa wengi waliotoka utumwani, na wachukuzi, na vibarua wa kutoka bara.

Sasa angalieni mwaka 1897. Tarehe 6 Aprili Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Lakini mtumwa hakuwa huru siku ile ile. Ilimpasa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake mbele ya korti. Tena aliyeupata alitakiwa kuonyesha ya kuwa ana makao na njia ya riziki, ama sivyo angehesabiwa mzururaji. Basi, mtu asiye na shamba angeonyesha nini? Wengi walibaki katika shamba la bwana yule yule, wakipewa mahali pa kulima muhogo kwa sharti la kumfanyia kazi katika mikarafuu.

Na mwaka huo huo, huku bara, Wadachi walitangaza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Rupia hazioti shambani. Mwenye kudaiwa hana budi kwenda penye mshahara. Wanyamwezi wengi wakavuka bahari kupalilia mikarafuu ya Unguja. Hivyo amri mbili za mwaka mmoja, moja ya kufungua na moja ya kutoza, zilisukuma watu kwenye kazi ile ile ya kibarua. Hapo pana uvivu gani?

Tena ujira wenyewe hupimwa kwa hila. Mwenye mali humhesabu kibarua kuwa mtu mmoja, mgeni, mwenye shamba kwao. Hivyo humpa kiasi cha chakula cha leo. Mke na watoto waliobaki nyumbani hawamo katika hesabu hiyo. Torati yaamuru maskini alipwe ujira wake kabla ya jua kuchwa (Kumb. 24:14-15), lakini kulipa upesi kidogo kisichotosha si kutimiza amri hiyo.

Watu wa Ng'ambo hawakunyamaza. Wengi walikuwa na nyumba zao za udongo, lakini viwanja vilikuwa vya wengine. Kodi ya viwanja ilipozidi kupanda, mwaka 1928 walikataa kuilipa, wanaume kwa wanawake, hata serikali ikalazimika kuiwekea mpaka. Kisha Agosti 1948, maisha yakiwa ghali baada ya vita, makuli wa bandarini waliacha kazi, na Septemba mgomo ukaenea mjini. Adam Shafi aliieleza hali yao katika riwaya yake *Kuli*, iliyotoka 1979, nasi twawashauri wenye kuipata waisome. Nguvu ya watu hao ilikuwa ujirani: walilala mtaa mmoja, wakala pamoja, na neno la jioni lilijulikana kwa wote alfajiri.

Nguvu hiyo ndiyo asiyo nayo binti aendaye leo Oman au Dubai kutumika nyumbani mwa watu. Yu peke yake jikoni. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania, Unguja wakiwamo, waliotwaliwa pasi zao, wakafanyishwa kazi bila siku ya kupumzika, wengine wasilipwe. Kwa desturi iitwayo kafala, ruhusa yao ya kukaa ilifungwa kwa mwajiri, hata aliyemkimbia mwajiri mbaya aliweza kushitakiwa kuwa mtoro. Wasomaji watakumbuka mzururaji wa 1897.

Hatusemi wazuiwe. Ada ya shule na dawa za mzazi zawasukuma kama kodi ilivyowasukuma babu zetu. Bali ninyi wakatekista, mkiletewa habari ya safari, ulizeni jina la wakala na mahali pa ofisi yake, mshahara ulioandikwa, na siku ya mapumziko. Someni mkataba pamoja na wazazi kwa lugha wanayoijua. Nakala moja ikae nyumbani, pamoja na nakala ya pasi na simu ya ubalozi wetu. Na binti akisema ameonyeshwa mkataba lakini hakupewa nakala, asipande ndege mpaka apewe.