Somo: Nani anajua mahali ulipo? Mafundisho kutoka mchezo mmoja wa simu



Katika masomo yetu tunapenda kuchukua jambo ambalo vijana wanalijua, tulichunguze pamoja, kisha tuone linatufundisha nini juu ya usalama na haki. Leo tunachukua michezo ya simu.

Pengine mzee mmoja atasema: «Sisi tunatafuta unga na shiti, ninyi munatuletea michezo?» Tunamwelewa. Lakini karibu kila mahali walipo wakimbizi wa ndani kuna vijana wenye simu, na simu ile ile ya kuchezea ndiyo inayojua mahali familia imelala. Kwa hiyo jambo hili ni la wazazi na viongozi pia.

Lengo la somo: kuelewa kwamba mtu anayekusanya habari za mahali watu walipo anapata nguvu juu yao, na kwamba nguvu hiyo inahitaji kanuni na masikilizano.

1. Mchezo wenyewe

Katika mwezi wa saba mwaka 2016, kampuni ya Marekani iitwayo Niantic ilitoa mchezo wa simu unaoitwa Pokémon GO. Ulianzia Marekani, Australia na New Zealand, kisha ukaenea katika nchi nyingi. Simu inapokea alama za satelaiti, ile tunayoita GPS, na kwa njia hiyo inajua mchezaji amesimama wapi. Ndipo inamwonyesha kwenye kioo vinyama vya kubuni vilivyo karibu naye. Ili kuvikamata hawezi kukaa nyumbani: lazima atembee kwa miguu mpaka kwenye bustani, kwenye sanamu, kwenye kanisa au kwenye soko.

Mamilioni ya watu waliingia mchezo huo kwa majuma machache. Watu wasiojuana walikutana mahali pamoja, wakasalimiana, wakasaidiana. Hilo ni zuri, na ndiyo sababu michezo ya namna hii huitwa michezo ya kijamii.

Kila mchezaji ana konti, yaani jina na neno la siri la kuingilia. Kila anapocheza, kompyuta za kampuni zinapokea habari za mahali alipo. Bila habari hizo mchezo hauwezi kwenda. Tukumbuke jambo hili, maana mengine yote yanatoka hapo.

2. Skripti: mtumishi asiyechoka

Baadhi ya wachezaji hawakutaka kutembea. Wenye ujuzi wa kompyuta waliandika skripti. Skripti ni mfululizo wa amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe: ingia kwa konti hii, danganya kwamba uko mahali fulani, kamata kinyama, songa mbele mita chache, kamata tena. Skripti hailali, haisikii njaa, wala haiulizi kama jambo ni la haki. Mwenye skripti analala usiku, asubuhi anaamka akiwa juu ya wengine wote.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Waliandika skripti zenye kutumia konti nyingi za uongo, kila moja ikidai kusimama mahali pake, ili kukusanya habari za mji mzima na kuchora ramani ya kila kinyama. Moja ya ramani hizo, PokéVision, ilipendwa sana, mpaka ilipofungwa mwisho wa mwezi wa saba 2016 kwa sababu kampuni haikuikubali.

Wachezaji wengi walikasirika. Walisema: «Ramani ilitusaidia. Nani ameumia?» Tarehe 4 mwezi wa nane 2016 kiongozi wa kampuni, John Hanke, alitoa jibu. Alieleza kwamba maombi ya watu hao wa nje yalikuwa yanalemea kompyuta za mchezo, na kwamba baada ya kuyazuia mzigo ulipungua sana, hata wakaweza kufungua mchezo katika nchi za Amerika ya Kusini.

Viongozi wa kambi wanalijua jambo hili bila kompyuta. Mtu mmoja akiandikisha majina kumi ya uongo kwenye listi ya mgawanyo, hakuna anayemwona akimpiga mtu au akiiba mfuko wa unga mkononi mwa mama. Lakini unga unakwisha kabla foleni haijakwisha. Jina la uongo linakula chakula cha mtu wa kweli.

3. Kufungiwa: adhabu inayompata nani?

Kampuni ilianza kufunga konti za wenye kutumia skripti na wenye kudanganya mahali walipo. Katika mwezi wa nane 2016 ilitangaza kwamba watu hao watafungiwa kabisa, na kwamba mtu anayeona ameonewa anaweza kuandika kuomba konti yake ifunguliwe. Mpaka hapo tunaona kanuni, adhabu, na mlango wa malalamiko.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo tunaomba muisome polepole. Kati ya waliofungiwa kulikuwa na watu waliosema hawajatumia skripti yoyote. Majuma machache baadaye kampuni ilieleza yaliyotokea. Watu wengine walikuwa wameweka katika simu zao programu ndogo ya ramani, wakidhani inawaonyesha tu vinyama vya karibu. Kumbe programu ile iliweza kutumia simu na konti zao kukusanya habari na kumtumia aliyeitengeneza, wao wenyewe wakijua au bila kujua. Kwa macho ya kampuni, konti hizo zilifanana na za wenye skripti. Baada ya kurekebisha njia yake, kampuni ilifungua tena sehemu ndogo ya konti zilizofungwa.

Wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Mtu alibeba mfukoni kitu kinachofanya kazi ya mtu mwingine, na yeye ndiye aliyeadhibiwa.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza ni la kila mmoja wetu: kitu cha bure kinachotaka kuingia katika simu yako, uliza kwanza kinamtumikia nani. La pili ni la viongozi: dalili siyo ushahidi. Mtu anaweza kuonekana kama mkosaji kwa sababu mwingine amemtumia. Tunajua katika maisha yetu jinsi kijana anavyoweza kuitwa mpelelezi kwa sababu tu ya namba iliyoonekana katika simu yake. Ukimhukumu kabla ya kumsikiliza, unamwonea yeye, na tena unamwacha mkosaji wa kweli akitembea kwa amani.

Baadaye Niantic iliweka adhabu za hatua tatu. Kosa la kwanza, mchezaji anapewa onyo, na kwa karibu siku 7 haoni vinyama vya thamani. Kosa la pili, anafungiwa karibu siku 30. Kosa la tatu, konti inafungwa kabisa. Kwa makosa makubwa kampuni ilijiwekea haki ya kufunga mara moja. Mtu anaweza kubishana juu ya idadi ya siku, lakini mpango wenyewe una hekima: mkosaji anajua amekosa nini, ana nafasi ya kujirekebisha, na wote wanaijua ngazi ya adhabu kabla kosa halijatendeka.

4. Kufuatiliwa: mchezo unapokutana na hatari ya kweli

Vinyama ni vya kubuni, lakini miguu inayovifuata ni miguu ya watu. Tutoe mifano mitatu.

Huko O'Fallon, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, polisi walikamata vijana wanne tarehe 10 mwezi wa saba 2016, siku chache tu baada ya mchezo kuanza. Polisi walisema wanyang'anyi waliutumia mchezo kujua wachezaji watakuja wapi, wakawangojea hapo na bunduki. Katika mchezo huu mtu anaweza kuweka chambo mahali, na wengine wakiona chambo wanakuja. Mwenye nia mbaya hakuhitaji kuwatafuta watu: aliwangoja.

Mfano wa pili ni Bosnia. Vita vya mwaka 1992 mpaka 1995 viliacha mabomu mengi ya kutegwa ardhini. Katika mwezi wa saba 2016 shirika la hapo, Posavina bez mina, lilitoa onyo kwa sababu lilipata habari za wachezaji walioingia katika maeneo yenye hatari wakifuata vinyama. Mchezo ulionyesha kinyama, haukuonyesha bomu. Ni wenyeji waliojua, na onyo lao lina thamani kuliko ramani yoyote ya kampuni. Sisi pia katika Kongo tuna maeneo yenye mabomu na grunedi ambazo hazijalipuka, kwa hiyo tuwaambie watoto: mahali ambapo wenyeji wamesema usipite, usipite, hata kama simu inaonyesha njia.

Mfano wa tatu si mchezo kamili bali ni programu ya wakimbiaji, iitwayo Strava. Mwisho wa mwaka 2017 ilitoa ramani ya dunia yenye kuonyesha njia ambazo watumiaji wake hukimbilia. Majina hayakuandikwa. Hata hivyo, katika mwezi wa kwanza 2018 watu walitambua kwamba katika sehemu za jangwa, ambako wenyeji hawatumii programu ile, mistari iliyong'aa ilikuwa ya askari wakifanya mazoezi ndani ya kambi zao. Kila mmoja alidhani anahesabu kilomita zake tu. Walipowekwa pamoja, wote walichora ramani ya kambi. Kufuta majina peke yake hakulindi kikundi.

Tuongeze jambo moja. Habari zinaweza kuhama pamoja na mwenye nyumba. Katika mwezi wa tatu 2025 Niantic ilitangaza kwamba inauza michezo yake, Pokémon GO ikiwa ndani, kwa kampuni Scopely, ambayo ni mali ya kampuni ya Saudi Arabia. Bei ilikuwa dola bilioni 3.5, na mauzo yakakamilika mwezi wa tano. Hatusemi kwamba mnunuzi ana nia mbaya. Tunasema tu kwamba yule uliyempa habari zako leo huenda siye atakayezishika kesho.

5. Tufanye nini sisi?

Wengi wetu hatutacheza mchezo huu. Lakini programu nyingi katika simu zetu zinaomba mahali tulipo, na mara nyingi tunabonyeza «ndiyo» bila kusoma.

Kwa kila familia:
- Fungua mipango ya simu, tafuta neno «position» au «localisation». Zima, kisha washa tu wakati unapohitaji. Utapunguza pia matumizi ya betri.
- Kila programu inayoomba mahali ulipo, jiulize: inahitaji kwa kazi gani? Mchezo wa karata hauhitaji kujua mulipolala.
- Usimpe mtu neno la siri, hata akiahidi mega za bure.
- Usitume picha ya kambi, ya kisima au ya njia ya kuni pamoja na jina la mahali, siku ile ile mulipo hapo.
- Mtoto akialikwa na rafiki wa mchezo asiyemjua kukutana mahali, amwambie mzazi kwanza. Mzazi naye asimpige kwa kusema ukweli, la sivyo siku nyingine atanyamaza.

Kwa viongozi na kamati:
- Listi ya majina na ya mahali pa kulala ni kama silaha: iandikwe kwa kazi inayojulikana, ishikwe na watu wachache, na ichomwe kazi ikiisha na nakala haitakiwi tena.
- Anayekuja kuandika watu aeleze kwanza anatoka wapi, listi inakwenda wapi, na nani ataisoma. Kuuliza si kukosa heshima.
- Kabla ya kufuta jina la mtu kwenye listi, mwambieni sababu, mumsikilize, mumpe siku ya kuleta mashahidi. Malalamiko yake yapokelewe na watu wengine, si wale waliomfuta.
- Kanuni na ngazi ya adhabu zisomwe mbele ya wote, kwa lugha ambayo mama mzee anaielewa, kabla ya mgawanyo.

Kampuni yenye mali nyingi na wataalamu wengi iliwafungia hata watu walioponzwa na programu wasiyoijua vizuri, kisha ikarudi kufungua baadhi. Konti ya mchezo inaweza kufunguliwa tena. Familia iliyokosa chakula cha mwezi, au iliyofuatwa usiku kwa sababu mahali pake palijulikana, hairudishiwi kitu kwa kubonyeza kioo. Ndiyo maana sisi tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wao.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kambi au mtaa wetu, nani ana listi ya mahali tunapolala? Tunajua anaitumia namna gani?
2. Mtu akifutwa kwenye listi leo, anaweza kulalamika kwa nani? Je, huyo siye aliyemfuta?
3. Vijana watuonyeshe: ni programu zipi katika simu zao zinazoomba mahali walipo? Tuzime moja kwa pamoja, hapa hapa.
4. Tumewahi kumhukumu mtu kwa dalili tu? Tunaweza kufanya nini ili kurudisha heshima yake?

Tunashauri swali la 3 liongozwe na vijana wenyewe, wasichana na wavulana. Wao ndio wajuzi wa simu, na wazee ndio wajuzi wa hatari. Wakikaa pamoja, kambi inapata ulinzi ambao hauhitaji bunduki.