SOMO: NYUMBA YA KALE INALINDWAJE?

Ndugu msomaji, nyumba hailindwi kwa kuwa kuukuu tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863.

Hebu tupige hesabu. Wajerumani walianza kututawala miaka ya 1880. Basi jengo lao likiwepo Musoma, umri peke yake hauliokoi. Ni mpaka Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Likishatangazwa, halibomolewi bila kibali.

Lakini Waziri atajuaje? Wazee wa Musoma, Bunda na Butiama ndio wenye habari. Waulizeni, andikeni, pelekeni wilayani. Jengo likishavunjwa, tangazo halilirudishi.

MASWALI
1. Jengo la 1910 linalindwa na umri wake? Kwa nini?
2. Kijijini kwako kuna jengo gani la kale?